Uzio wa Mpungate Uliooza

Jumapili, mwezi wa kumi. Jua tangu asubuhi, hata wingu la kudanganyia hakuna. Nimeamka sina raha.

Uzio wangu wa mpungate, mmea wa miiba unaopenda ukame, umekufa. Nimeuua mwenyewe, mimi mwalimu wa sayansi, kwa kuumwagilia maji. Mtu wa Mhezi, kwetu milimani, akipanda kitu lazima akichimbie mfereji. Nilipoletwa tambarare hapa Same, kwenye kijiji hiki cha ujamaa, nikafanya vilevile. Majirani walinicheka kwa adabu.

Leo nimepasua kipande kilichobaki kizima, kesho nikawaonyeshe darasa la sita. Ngozi ni nene, ina nta, haipotezi maji ovyo. Chini yake kuna nyama ya kijani inayotengeneza chakula, kwa kuwa majani yamegeuka miiba. Ndani zaidi ni nyeupe, imejaa ute wa kuvutika kama bamia. Ute huo ndio unaoshika maji kiangazi chote. Vitundu vya kupumulia hufunga mchana, hufunguka usiku. Mizizi hutambaa juujuu, ikisubiri manyunyu. Mimi niliizamisha kwenye tope.

Haya yote nilikuwa nayajua. Mazoea yana taabu.

Nammisi Elinaja, mume wangu.

Amebaki milimani na kahawa yake na mama yake. Mchana najikaza, nafundisha, jioni kisomo cha watu wazima. Nikifunga mlango, nalia.

Jana alishuka na mkungu wa ndizi. Akautazama uzio, akatabasamu.

"Mwalimu, huku hata miiba imekushinda. Turudi nyumbani, mama anakuulizia kila siku."

"Na watoto hawa nimwachie nani? Shuka wewe."

Akanywa maji, akasema yana chumvi. Hatukuligusa tena jambo hilo, na mchana wote uliobaki tukaongea habari za migomba.

Lori la kupanda Mhezi lilipoanza kuondoka, alikuwa nyuma, amesimama kati ya magunia. Akainama, akaninyooshea mkono. Nikampungia.

Lori lilipokata kona bado mkono wake ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akiniaga.

Jumamosi ijayo nitaushika mkono huo nipande, shule itajua yenyewe. Lakini je, atashuka tena?