Maelezo ya Dalmas Ogola Kuhusu Ukurasa wa Tanzia Yake

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Dalmas Ogola. Umri: miaka 79. Kazi: karani wa mahakama, mstaafu. Makazi: karibu na Kombewa, Seme.

Figo zangu zimeshindwa na daktari hakunificha. Ndiyo maana niliamua kuweka tanzia yangu kwenye mtandao nikiwa hai, yenye majina ya nyumba zangu zote mbili. Ondiek, kifungua mimba wangu wa nyumba ya kwanza, hajawahi kutaka nyumba ya mke wangu wa pili, Lornah, itajwe.

Kazi hiyo nilimpa Wendy Mumbi, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Otonglo. Kwao ni Murang'a. Hana upande katika ukoo wetu.

Mnamo Jumatano tarehe 11 Juni 2025 alinionyesha mwanzo wa ukurasa kwenye kompyuta yangu. Nyumba ya pili ilikuwa bado. Kesho yake alipiga simu kusema kwamba amemaliza. Nilipofungua, picha yangu ilikuwa imelalia maandishi, na nyumba ya Lornah haikuwepo. Nikampigia.

Alisema, "Mzee, huku iko sawa. Kivinjari chako kimeshika ukurasa wa jana. Futa kashe, halafu fungua tena."

Nilimuuliza kashe ni nini. Alisema ni nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea ili kifungue haraka. Mimi nimetunza vielelezo vya kesi maisha yangu yote ya kazi. Anayekuambia ufute kitu, ana jambo. Niliifunga kompyuta, nikaifunika kwa kitambaa, nikakataza mtu kuigusa.

Jioni Ondiek alikuja na simu yake. "Baba, majina yote yapo. Tazama." Sikutazama. Nilijiuliza tangu lini yeye na Mumbi wanaona kitu kimoja.

Ijumaa nilifika hapa kituo cha polisi nikadai kwamba Mumbi amehongwa na mwanangu aharibu ukurasa. Alikamatwa siku hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi Lornah aliketi mbele ya kompyuta. Yeye huitumia kwa mambo ya kanisa.

"Mzee, hiki kielelezo chako kitaoza. Nifute?"

Sikumkataza. Akafuta kashe. Ukurasa ulifunguka ukiwa safi, picha pembeni, nyumba mbili, na jina lake mahali pake.

Akauliza, "Na yule msichana?"

Nikasema, "Kesho."

Jumapili nilisema kesho tena. Nilijua watu wakisikia, watasema akili ya mzee imechoka, na Ondiek atapata sababu ya kuifuta nyumba ya pili nikishazikwa. Kwa hiyo nilimwacha Mumbi alale ndani huku nikijua hana kosa. Hilo hakunifanyia mtu. Nimelifanya mwenyewe.

Leo Jumatatu anapelekwa mahakamani. Naomba aachiliwe. Aliyoyasema kwenye simu yalikuwa kweli. Nimeyasema haya mbele ya Ondiek na Lornah, nikiwa bado na sauti ya kuyasema.

(Sahihi) D. Ogola, 16 Juni 2025

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Njenga, na kumsomea shahidi, naye akakubali ni sahihi. Alikataa kuondoka kabla ya kumwona Mumbi. Alipotolewa seli, Mumbi alimuuliza kama sasa picha imekaa vizuri. Shahidi alimwomba mwanawe amsaidie kusimama.