Siku Kumi na Moja Alizonyimwa Stephania Kokuhirwa

Mwaka umetimia tangu tulipokulaza hapa Kimuli, Stephania Kokuhirwa, mke wangu na mama wa wanangu. Ulituacha tarehe 14 Agosti 1991, na nyumba bado haijazoea.

Tunakumbuka ulivyotandaza nyasi kwenye migomba ya kibanja chetu bila kuacha udongo wazi, na ulivyowapakulia vibarua kwanza, sisi wenye nyumba baadaye. Nilipolalamika ulisema, "Baba Yustus, wewe umeshinda kivulini na kitabu chako. Njaa yako si ya kweli."

Ulipougua titi, madaktari wa Dar es Salaam walikueleza jambo ambalo mama zetu hawakulijua: si lazima tena titi zima likatwe. Walitoa uvimbe tu. Kuua mbegu za ugonjwa zilizobaki ilikuwa kazi ya mionzi, kwa mashine, siku ishirini na tano. Walikuchora mistari ya wino kifuani, nawe ukawa unaoga kwa kuizunguka usije ukaifuta.

Uliandika kwamba ngozi imekuwa nyeusi na inawasha, ila daktari amesema ndivyo inavyokuwa, itapona. Barua hiyo niliisoma kwa sauti mbele ya ndugu. Nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, na nilipenda kusikika. Mdogo wangu Athanasi alisikia habari ya ngozi tu. Akasema unachomwa ukiwa hai. Nilimweleza kazi ya mionzi, naye hakutaka kueleweshwa na mimi.

Siku ya kumi na nne ya mionzi ukapokea telegramu ya Athanasi, ikinitaja mimi mumeo: LEONIDAS AMEFARIKI RUDI HARAKA.

Zilibaki siku kumi na moja. Ulikuja kwa treni na meli ukilia njia nzima, ukanikuta shambani nimeshika panga. Ulikaa chini, kisha ukasema, "Shikamoo, marehemu." Tulicheka siku ile. Athanasi akaja jioni akatuambia, bila aibu, kwamba amekuokoa.

Mvua zikakata barabara, kisha ukashikwa na malaria. Ulipofika tena Dar es Salaam, miezi mitatu ilikuwa imepita. Daktari alisema mionzi haiendelezwi pale ulipoiachia, kama mtu anavyorudi kwenye tuta lake. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwapani.

Athanasi ameniomba mara tatu jina lake liwemo katika tangazo hili la gazetini, kati ya wanaokukumbuka. Mara ya tatu alikuja na padri. Alisema, "Kaka, shemeji nilimpenda. Nilidhani wanamuua."

Nilimjibu, "Kuandika unajua. Andika gazetini ulichofanya, kwa mkono wako, ndipo nikuweke."

Hajaandika. Padri anasema nisamehe. Nimemsikia. Kila mwaka siku hii nitayaandika haya tena, na nisipokuwepo ataandika Yustus. Wajukuu wa Athanasi watajifunza kusoma na watayasoma.

Unakumbukwa na mumeo Leonidas. Wanao Yustus, Eustadia na Dafroza. Dada yako Xaveria wa Dar es Salaam. Na Nyirabahire, kibarua wetu, aliyekuogesha mpaka siku ya mwisho, ambaye tumemwandika mahali pa shemeji yako.

Hatutakusahau siku zote za uhai wetu. Wala Athanasi hatutamsahau.