Stepu ya Kumi na Sita

Landless, Thika
Alhamisi, 20 Februari 2025

Adan,

Nilipoteza mguu wangu wa kulia Jumapili tarehe 12 Januari, saa saba na dakika ishirini mchana, kwenye ngazi ya nyumba yako mpya ya Mugutha. Pamoja nao nimepoteza Ramadhani yote inayokuja, maana mguu wa kulia ndio unaokanyaga cherehani. Nimeanza na hilo usije ukasema salamu zilikuchanganya.

Sasa salamu. Hujambo? Mkeo Waceke hajambo? Mtoto wenu ameacha kukohoa? Mimi ni mzima kutoka magotini kwenda juu. Kutoka hapo kushuka, mifupa miwili ya kifundo ilikatika, nimetiwa chuma chenye skrubu saba, na plasta inatolewa Jumatatu. Daktari amesema mguu utarudi, ila hakusema lini, na mtu asiyetaja tarehe mimi simwamini.

Naandika karatasi kwa sababu simu yangu hushiki. Nimepiga mara kumi na nne. Muoki wa lori la mchanga hupita hapo kwako kila wiki. Atakupa barua mkononi, kwa hivyo usijifiche msalani.

Siku thelathini na tisa, Adan. Ulikuja mara moja tu, jioni ile ile, ukasimama mlangoni mwa wodi kama mtu aliyetumwa kusoma mita ya maji, halafu ukapotea. Kwani nimekosa nini? Si mimi ndiye niliyeanguka? Mama Mbinya wa chumba cha tatu, ambaye hata hatusalimiani vizuri, ananiletea uji kila asubuhi. Wewe niliyekulea tangu mama afe ukiwa na miaka tisa, niliyekushonea kaptura za shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, uko kilomita ishirini tu na hujui nalalia ubavu gani.

Nilikuwa nimeahidi gauni arobaini na tatu za Idi. Vitambaa thelathini na moja nimevirudisha kwa wenyewe. Kumi na mbili zilizobaki anajaribu Viola, msichana ninayemfundisha kazi. Anajaribu, nimesema.

Dada yako,
Nadira


Mugutha, Ruiru
Jumatatu, 3 Machi 2025

Dada Nadira,

Salaam aleikum, na Ramadhani njema. Huku tuko salama. Mtoto ameacha kukohoa, Waceke anakusalimia sana. Pole kwa mguu. Hiyo pole imetoka moyoni, ingawa najua kwenye karatasi haionekani.

Unauliza umekosa nini. Labda dawa za maumivu zimekusahaulisha. Jioni ile wodini ulikuwa na watu sita kando ya kitanda, na mmoja wao ni Kagwe, kontrakta aliyekuwa amenipa kazi kule Murera. Ukaninyoshea kidole pale mlangoni ukasema, "Huyu hata banda la kuku asipewe ajenge. Kuku watavunjika miguu." Watu wakacheka. Hata nesi alicheka. Jumatano yake Kagwe akaniambia nipumzike kidogo.

Bado napumzika.

Ngazi ni kosa langu, sibishi. Lakini kwa sasa usinitafute.

Ndugu yako,
Adan


Landless, Thika
Ijumaa, 14 Machi 2025

Adan,

Habari za kufunga? Natumaini hamjambo nyote. Mimi plasta imetoka. Chini yake nimekuta mguu wa mtu mwingine: shavu la mguu wa kushoto ni sentimita thelathini na sita, la kulia thelathini na moja. Natembea na mikongojo miwili. Viola amemaliza gauni tano, na mbili kati ya hizo nimezifumua.

Ya kuku nayakumbuka. Mtu aliyekatika mifupa miwili husema mengi, na Kagwe ni mtu mzima, angejua hivyo. Siongezi hapo.

Haya, tuje kwa yangu. Umesema nisikutafute, sikukutafuta. Nilimtafuta Waceke. Nilimtumia tepu yangu ya kupimia kwa mkono wa Muoki, akapima ngazi stepu moja moja, akaniandikia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba.

Ngazi yako ina stepu kumi na sita. Kumi na tano zina kimo cha sentimita kumi na saba kila moja, bila kupungua wala kuzidi, na niseme ukweli, kazi safi kama hiyo sijaiona hapa Thika. Ya kumi na sita, ile ya juu kabisa, ni ishirini na moja. Mimi siku ile nilikuwa nimekumbatia mapazia sita niliyokushonea, miguu yangu siioni. Niliinua mguu sentimita kumi na saba kwa sababu stepu kumi na tano zilikuwa zimenifundisha hivyo. Kidole kikagonga. Nikarudi chini stepu tisa kwa mgongo.

Wewe hupima kila tofali kwa levo. Utakosaje sentimita nne? Naomba jibu moja. Ulijua, au hukujua? Kama hukujua, mimi nitanyamaza na tutakula Idi pamoja.

Dada yako,
Nadira


Landless, Thika
Jumanne, 1 Aprili 2025

Adan,

Idi njema kwako na kwa nyumba yako. Jana nilikuwekea sahani ya pilau mpaka alasiri. Saa kumi nikaila mwenyewe. Ilikuwa na chumvi nyingi, Viola ndiye aliyepika.

Sasa naenda msalani bila mikongojo. Hatua kumi na tisa.

Muoki ananiambia barua ya mwisho uliisomea ndani ya lori lake, ukaikunja, ukashuka bila kuaga. Kwa hivyo imefika.

Dada yako


Mugutha, Ruiru
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Dada,

Salaam aleikum. Idi njema, ingawa imechelewa. Nimefurahi kusikia kuhusu zile hatua kumi na tisa. Waceke alilia aliposoma. Mimi nilitoka nje.

Nilijua.

Ile Jumatano kabla ya dua ya kuingia nyumba ndipo tulipomaliza vigae vya juu. Ngazi nilikuwa nimeimimina miezi mitatu kabla. Nikapima mpaka sakafu ya juu ikiwa bado tupu, nikasahau kwamba itakuja saruji ya kusawazisha na vigae juu yake. Hizo ndizo sentimita nne zako. Hata kibarua wa wiki ya kwanza saiti analijua hilo.

Alhamisi nikakupigia, nikakuomba tusogeze dua wiki mbili. Unakumbuka ulivyonijibu? "Nishaalika watu themanini, ustadhi amekubali, mbuzi wameshafungwa kamba. Kama nyumba haijaisha, miaka minne yote ulikuwa unajenga nini?" Hukuuliza kwa nini. Na mimi nikaona haya kusema.

Kwa hivyo Jumapili nilisimama pale juu tangu saa tatu asubuhi. Kila aliyepanda nilimshika mkono. "Karibu, inua mguu, karibu." Wazee, watoto, ustadhi mwenyewe. Hakuna aliyejikwaa. Sikula. Hata chooni sikwenda. Halafu saa saba na robo ukapaza sauti toka jikoni mbele ya watu wote, "Wewe landlodi, shuka hapo, umeshaonekana vya kutosha! Njoo ubebe sufuria!"

Wakacheka. Nikashuka. Nilikuwa nimelishika sufuria lile kwa mikono miwili niliposikia kishindo.

Ningesema, "Ngoja, ngazi ina kosa." Maneno manne tu. Naamka nayo kila siku.

Jumamosi ijayo, tarehe 12, naondoka kwenda Isiolo. Kuna saiti inatafuta watu wa kubeba mawe. Kubeba, si kujenga. Waceke na mtoto watakwenda kwa mama yake. Nyumba naifunga, simpangishi mtu, siwezi kuwa na wa pili wa kuanguka. Nakuaga, Dada. Usimlaumu mtu mwingine.

Ndugu yako,
Adan


Landless, Thika
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Adan, ndugu yangu,

Salaam aleikum. Nisingependa kukuuliza kama uko salama, maana najua hauko, na mimi siko. Mguu unaendelea. Jana umetimiza wiki kumi na mbili.

Barua yako nimeisoma mara tano. Nilitafuta mahali ambapo nitakukasirikia, nikapapata, ni pale uliponyamaza Alhamisi. Lakini kila nikifika hapo nasikia sauti yangu kwenye simu, na mimi mwenyewe nisingeiambia sauti ile kitu.

Siku ile nilikuona umesimama pale juu asubuhi nzima, nikadhani unajionyesha. Nikamwambia Magdalene wa saluni, "Mtazame huyo, amepata stepu kumi na sita anasimama kama gavana." Tukacheka sana. Na kuna jambo hukuliandika, sijui kama umesahau au umenihurumia. Asubuhi ile nilipanda mara mbili. Mara ya kwanza ulinishika mkono. Mara ya pili niliuvuta, nikakwambia mimi si bibi kizee, shika wazee. Ukanishika hata hivyo, hapa juu ya kiwiko. Mara ya tatu hukuwapo, na aliyekuondoa ni mimi.

Nimeyahesabu haya yote, na hesabu yangu haitoki upande wako peke yako.

Leo asubuhi nilikwenda Murera kwa Kagwe, na mkongojo mmoja. Nilimwambia yale ya kuku niliyasema kwa maumivu na kwa hasira, na kwamba nyumba kumi na moja ulizowajengea wengine hakuna iliyomwangusha mtu. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nafasi yako alishampa fundi mwingine tangu Februari. Kwa hivyo kazi ile siwezi kukurudishia. Niliimaliza kwa sentensi mbili, na safari nzima ya Murera haikuirudisha. Nilitaka usikie hilo kutoka kwangu.

Linalowezekana ni hili. Mkono wa gauni ukizidi kwenye bega, fundi mbaya hulundika kitambaa chote mahali pamoja, na kila mtu anaona. Mimi nakigawanya kwenye mshono mzima, kidogo kidogo, mpaka hakuna anayejua kilizidi. Chukua kimo chote cha ngazi yako: kumi na tano mara kumi na saba, ongeza ishirini na moja, ni mia mbili sabini na sita. Gawanya kwa kumi na sita. Ni kumi na saba na robo. Stepu ya kwanza iongezee saruji robo sentimita, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, hivyo hivyo mpaka ya kumi na tano, ambayo itapata sentimita tatu na robo tatu. Ya mwisho usiiguse, itajikuta yenyewe iko sawa na wenzake. Juu huvunji kigae hata kimoja. Saruji mpya itashikaje juu ya ile ya zamani, hilo unalijua wewe. Mimi nitakuwa na tepu.

Daktari wa mazoezi ya mguu amesema sasa nianze kupanda ngazi. Hapa plotini vyumba vyote ni vya chini. Ngazi ninayoijua ni yako, na sitaipanda ukiwa Isiolo.

Isiolo kuna mawe mengi, yatakungoja. Na kama bado utataka kwenda, nenda ukiwa umemaliza, uende ukiwa fundi.

Muoki atakuletea barua hii Alhamisi tarehe 10, ataondoka hapo kwako saa sita kamili mchana. Usimpe pole, usimpe maelezo, usimpe salamu za Waceke. Mpe neno moja tu aniletee, ndiyo au la: Ijumaa asubuhi saa tatu nikifika Mugutha na tepu yangu, nitakukuta umesimama pale juu?

Dada yako,
Nadira