Pikapu ya Bi Mwanasiti na Injini Iliyotakiwa Kushushwa

KITUO CHA POLISI, KILINDONI
MAELEZO YA SHAHIDI, 13/06/2024

Jina: Wilbrod Sangu. Umri: miaka 46. Kazi: kufua nazi. Elimu: darasa la tano. Makazi: Kilindoni. Kwetu: Sumbawanga.

Nafua nazi kwa Bi Mwanasiti, mjane, mwaka wa nane sasa. Nazi hubebwa na pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Pikapu ikisimama, yeye hana riziki nyingine, na sisi wafuaji sita hatuna kazi.

Mwezi Mei gari lilianza kuchemka. Fundi Hemedi, ambaye ndiye mlalamikaji, alisema silinda hedi imepasuka, injini ishushwe na ipelekwe Dar es Salaam. Bi Mwanasiti aliogopa, kwa sababu gerejini kwa Hemedi yapo magari matatu yaliyoshushwa injini, na kuku wanataga humo.

Mnamo tarehe 12/06/2024 saa 3:00 asubuhi nilifuatana na Bi Mwanasiti gerejini. Tulikuta injini imeshafungwa mnyororo wa kuinulia. Mimi niliwahi kuwa utingo wa lori miaka sita. Kutengeneza injini sijui, ila nimeona nyingi zikifa. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo huja maji yakiingia kwenye oili. Maji kwenye rejeta yalikuwa yamejaa. Nikamuuliza, "Fundi, kama hedi imepasuka, mbona maji hayajaenda popote?"

Akanijibu, "We mbara, kafue nazi." Hapa kisiwani sisi tuliotoka bara huitwa hivyo.

Niliinama nikatazama rejeta kwa mbele. Niliona aibu, maana kosa lilikuwa letu. Starta inasumbua, kwa hiyo tukipakia hatuzimi gari, na pua yake huelekea kwenye lundo la makumbi ya nazi. Feni ilikuwa imevuta vumbi na nyuzi za makumbi miaka yote hiyo. Hapakuwa na tundu la kupitisha upepo.

Bi Mwanasiti akasema, "Hemedi mwanangu, fungua mnyororo. Tulioshe kwanza. Likichemka nakuletea mwenyewe, ushushe unachotaka."

Hemedi alicheka. Alisema atapanda nasi, na lisipochemka hadi Utende atarudi kwa miguu. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Gereji nzima ilisikia.

Nilipiga maji ya mpira kutokea upande wa feni kwa saa nzima. Nyuzi zilizotoka zilijaa makarai mawili. Kisha nikapakia nazi mia nne, asije akasema gari lilikuwa jepesi.

Saa 5:20 tuliondoka. Dereva alikuwa Shaabani. Bi Mwanasiti na Hemedi walikaa mbele, mimi nilikaa juu ya nazi. Saa 5:50 tulifika Utende. Mshale wa joto ulikuwa katikati. Hemedi aligonga kioo cha mshale huo kwa kidole mara mbili, mshale haukusogea.

Bi Mwanasiti alimwambia, "Rudi nasi tu, jua kali hili."

Hemedi alishuka mwenyewe. Si kweli, kama alivyolalamika hapa kituoni, kwamba alisukumwa wala kutupwa njiani. Tulimfuata polepole karibu kilomita moja tukimsihi apande. Kila tulipomkaribia aliongeza mwendo. Shaabani alimwambia, "Fundi, ukienda hivyo utachemka wewe." Hapo ndipo alipokata kuingia minazini, nasi tukaondoka.

Kabla ya kuondoka Bi Mwanasiti aliniita nikae mbele. Nilimwambia nguo zangu chafu. Akasema, "Ingia, fundi." Tangu nitoke kwetu sijawahi kuitwa hivyo na mtu. Nilikung'uta nguo, nikaingia mbele.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa, nimekubali ni yangu.

Sahihi: W. Sangu

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Cresensia, saa 4:15 asubuhi. Gari limekaguliwa nje ya kituo likiwa limewashwa dakika arobaini. Halikuchemka. Mlalamikaji ameondoa lalamiko lake na, kwa sababu ya malengelenge miguuni, ameomba lifti hadi gerejini. Amepewa, kwa gari hilohilo.