Ufunguo wa Trekta Nyekundu Uko Mfukoni mwa Yaya

Jumamosi, mwisho wa Oktoba. Mawingu yametanda juu ya Lubumbashi tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto limenishika shingo, mbwa wa jirani amejilaza kwenye mfereji mkavu, na mimi nimekaa barazani nikiikodolea macho simu ambayo sitaki ilie.

Imelia tena. Ni muuzaji wa trekta, anataka ufunguo wake.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika ovyo sitajielewa mwenyewe.

Familia yetu ina shamba la mahindi Lukafu, pamoja na kinu cha kusaga kilichowekwa ndani ya banda la mabati. Kinu hicho kinazungushwa na trekta. Unairudisha kinyumenyume mpaka ndani, unafunga mkanda, injini inanguruma humohumo huku akina mama wakisubiri zamu na mabeseni yao. Kule kila mtu anafanya hivyo, na sijawahi kumsikia yeyote akiuliza kwa nini. Trekta yetu ya zamani ilikufa kiangazi hiki. Mvua ikianza kabla hatujapata nyingine, mwaka mzima umekwenda.

Dereva ni kaka yangu Donatien. Sisi hapa kaka au dada mkubwa tunamwita yaya. Alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyusha shaba mpaka akastaafu, akarudi nyumbani na kikohozi. Daktari alimwambia mbele yangu, kwa upole kabisa, kwamba kifua chake kisipate moshi tena, hata kidogo. Yaya alimshukuru, akavaa kofia yake, na tulipofika nje akaniuliza kama nimeona jinsi viatu vya daktari vilivyong'aa. Ndiye Yaya huyo.

Pesa ipo, ndugu tumechanga, na bei za trekta mbili tulizokwenda kuziona leo kwenye uwanja wa muuzaji hazipishani sana. Kinachoninyima raha ni moshi.

Ya bluu ni mpya, ndogo, imekaa vizuri, na kwenye bomba lake kuna chujio linalonasa masizi. Muuzaji alifunga kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba, akaiwasha, akakanyaga mafuta. Kitambaa kilitoka karibu kama kilivyoingia. Nilifurahi. Nakiri nilikipenda pia kiti chake.

Lakini chujio lina masharti. Linataka mazutu safi, yaani dizeli ya kituoni, siyo ya madumu tunayonunua kando ya barabara. Masizi yakijaa, injini lazima ifanye kazi nzito mpaka ichemke ndipo iyachome. Ukiizungusha taratibu kutwa nzima, kama tunavyofanya kwenye kile kinu chetu kidogo, joto halitoshi. Na inapoyachoma, bomba linapata moto mkali, usije ukaisimamisha juu ya majani makavu. Lukafu mwezi huu ni majani makavu matupu. Ukipuuza, taa inawaka, injini inajipunguzia nguvu yenyewe, na mtu wa kuizima hiyo taa yuko mjini na kompyuta yake.

"Mu Lukafu kule, nani iko na ordinateur?" Yaya alimuuliza muuzaji. "Taa ikiwaka, mi nafanya nini? Namuita padri?"

Muuzaji alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Yaya alikuwa anasema kweli.

Nyekundu imekwisha kutumika. Haina chujio, haina kompyuta, na hakuna kitu ndani yake ambacho Yaya hawezi kukifungua kwa spana zake na kukirudisha. Kitambaa chake kilitoka na duara jeusi ambalo hata sabuni isingelitoa.

Muuzaji alipoona nasitasita akanivuta pembeni. "Mama Odette, bantu bengi beko banafanya hivi: tunakata filtre, tunadanganya ordinateur, mashini inatembea muzuri." Yaani ninunue safi halafu niichafue mwenyewe. Nilimwambia hapana. Lakini nililifikiria, tena kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa.

Yaya ana namna yake ya kuchagua injini, aliirithi kwa baba aliyefanya kazi relini. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho na kusikiliza. Alikuwa ameinama hivyo juu ya ile nyekundu upepo ulipogeuka. Moshi wote ukamwendea usoni. Akasimama polepole, akaelekea nyuma ya lori moja pale uwanjani, mkono mfukoni, kama mtu anayekwenda kujisaidia.

Nilimsikia. Kilikuwa kikohozi kirefu, na kila nilipodhani kimekwisha kilianza upya.

Alirudi macho yamelowa. "Tukamate hii," akasema. "Moteur yake haina bongo."

Bongo kwetu ni uongo. Nikamwambia injini yake haidanganyi lakini yeye anadanganya. Tukagombana pale pale, watu wakanyamaza kutusikiliza, nami nikaona haya lakini sikunyamaza. Tuliondoka kila mmoja na teksi yake.

Yeye akaondoka na ufunguo. Wala hakusahau. Kwa Yaya, kama ilivyokuwa kwa baba, mwenye ufunguo ndiye mwenye mashine, na usipokuwa mfukoni mwako watampa mtu mwingine. Tangu mchana muuzaji ananipigia mimi, siyo yeye.

Basi nikaenda kwake kuuchukua. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na mengine hayakuwa mazuri.

Wifi yangu ndiye aliyenifungulia. Sebuleni, kwenye kiti kikubwa cha Yaya, kulikuwa na blanketi na mito mitatu iliyopangwa moja juu ya nyingine. Kwa joto hili. Nikauliza nani anaumwa.

"Mulamu, yaya yako njo pale analalaka," akaninong'oneza. "Akilala mu kitanda, pumzi inakatala. Tangu wakati wa baridi. Alinikataza nikuambie."

Maneno niliyoyapanga yote yakanipotea. Niliogopa. Niandike hivyo hivyo: niliogopa.

Yaya alikuwa nyuma ya nyumba, ananoa jembe. Aliponiona akautoa ufunguo mfukoni, lakini hakunipa. Nikamwambia sawa, tutachukua nyekundu kama anavyotaka, kwa sababu kweli Lukafu hakuna wa kutengeneza ile nyingine. Ila hataiendesha yeye.

"Nani ataendesha?"

"Mimi."

Alicheka. Nilijua atacheka. "Weye, Odette? Hata kinga ilikushindaka." Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na ni kweli ilinishinda.

Nikamwambia nitajifunza. Nitalima mimi, na kwenye kinu nitakaa mimi, kutwa nzima, ndani ya banda.

Kicheko kikamwisha. "Mu banda? Na ule moshi?"

"Na ule moshi."

Akaugeuzageuza ufunguo mkononi. Akaliangalia jembe, akaniangalia mimi, kifua changu, kama daktari. Kisha akanishika mkono na kuuweka ufunguo ndani yake.

"Basi hapana nyekundu. Kamata ya filtre."

Nikamuuliza, na ile taa? Na kompyuta? Akanijibu maswali yake yote ya asubuhi mwenyewe, bila hata kukuna kichwa. Mazutu atanunua yeye hapa mjini, kwenye kituo, tutaipeleka na lori. Kinu kitatoka nje ya banda. Siku za kusaga zikiisha, trekta itaingia shambani ikalime mpaka ichemke. Majani yatafyekwa pande zote za mahali pa kuisimamisha. Kumbe yote hayo alikuwa nayo kichwani.

Hilo limeniumiza kuliko kikohozi. Alijua. Muda wote alijua moshi unafanya nini, na kwa ajili ya kifua chake mwenyewe hakuona kwamba inafaa kuhangaika.

Nimelia kidogo kwenye teksi. Dereva akaongeza sauti ya redio, sijui kwa heshima au kwa kuchoka.

Sasa nimepokea simu. Nimemwambia muuzaji tunachukua ya bluu, na chujio lake lisiguswe na mtu. Ufunguo wa nyekundu uko hapa mezani. Kesho watu wako misani, nitamrudishia Jumatatu. Siku hiyo hiyo Yaya ananifundisha kuendesha, na nimeshamwambia asimame upande upepo unakotoka, anigombeze akiwa huko.

Inawezekana kabisa nimekosea. Inawezekana taa ikawaka katikati ya kulima, mvua juu yetu na nusu ya shamba bado. Hapo Yaya ataniambia, "Mi nilikuambia," na ataendelea kunisema mbele ya ndugu wote, mwaka baada ya mwaka, kwa maneno yake marefu yasiyo na mwisho.

Naomba tu awe na pumzi ya kuyamaliza.