Mlima Haukumchukua Koko Nabintu

Buffalo, Jumapili baada ya ibada

Baba Mchungaji,

Nakusalimu wewe na Mama. Mmeamkaje huko Uvira? Na mguu wako wa kushoto, umepoa au bado unausimamia madhabahuni kwa ubishi? Habari za vita tunazipata kwenye simu, tukizima simu tunaomba. Sisi ni wazima. Theluji imeyeyuka, imebaki ile nyeusi pembeni mwa barabara, na mume wangu yuko bado kiwandani kule Tonawanda, anarudi mikono imepasuka. Barua hii namkabidhi mtu anayesafiri, aitie mkononi mwako mwenyewe. Kwenye simu kila nikigusa jambo hili mtandao wako unaharibika. Karatasi haina mtandao, Baba.

Unajua kwamba tangu tuhame Louisville ninafanya kazi ya kutunza wazee. Sasa niko kwa mmoja anayekaa Cheektowaga, Mzee Kevin, mwalimu wa historia aliyestaafu. Magoti yamemwisha, ulimi bado. Anaishi na dada yake, Maureen. Babu zao walitoka Ayalandi, na wote wawili wanaandika upya hadithi za watu wa kale wa huko, walioitwa Wakelti, zije kusomwa kwenye maktaba ya mtaa. Kitabu ni kimoja na ugomvi ni kila ukurasa. Mzee anataka yaliyotokea kweli: nani aliiba ng'ombe wa nani, njaa ilianzia wapi. Maureen anataka watu wa vilimani, wasioonekana, wanaokaa chini ya ardhi na kuwachukua wanadamu. Kaka akikata mstari, dada anaurudisha. Mimi niko katikati na bakuli la uji, nangoja mzee afungue mdomo kwa kazi nyingine.

Huyo Maureen huweka kisahani cha maziwa dirishani kwa ajili ya watu wake wa vilimani. Siku ya kwanza nilikiosha, nikidhani ni cha paka. Hawana paka. Alininunia mpaka jioni. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu tukacheka, kisha kicheko kikanikauka. Koko Nabintu, mama yako mzazi, alikuwa akiweka punje chache za maharage ya kwanza kwenye mafiga, anataja majina ya wafu wake, basi, anaendelea kupika. Mwenye kisahani hapa anaitwa mtunza mila, watu wanampigia makofi. Koko wetu aliitwa nini? Wewe unajua, ulikuwepo.

Mwezi uliopita walifika kwenye hadithi ya mwanamke aliyeingia ndani ya kilima, na kilima kikajifunga nyuma yake. Maureen aliisoma vizuri hata nikaacha kukunja mashuka. Mzee akapiga meza.

“Hakuna kilima kinachofunguka! Walimfukuza mwanamke kijijini, au walimfanyia vibaya zaidi, halafu wakaona aibu. Kilima hakimjibu mtu, ndiyo maana walikisingizia.”

“Au walimpenda,” dada yake akasema, “wakashindwa kutamka kwamba hayupo.”

Walibishana mpaka uji ukapoa. Mimi nilikwenda kujifungia chooni nikashika sinki kwa mikono miwili.

Baba, nilikuwa na miaka tisa mdogo wetu Espoir alipokufa kwa homa. Watu wa chumba chako cha maombi walifunga siku tatu, wakatoka wakisema wameonyeshwa mchawi aliyemla mtoto. Ulitutuma sisi watoto kwa shangazi. Tuliporudi, mlango wa Koko ulikuwa wazi na mafiga yametawanywa uani. Ukatuketisha ukasema, “Mlima umemchukua Koko yenu. Tangu zamani unachukua watu wema. Musilie.” Wewe, uliyetuchapa kwa kusimulia habari za mizimu, siku ile uliazima moja kwa sababu ilikufaa. Nami sikulia. Nilijivuna. Niliwaambia watoto wote wa shule kwamba Koko wangu yuko ndani ya mlima anakula asali.

Niliamini hivyo hata nilipokuwa mtu mzima, hilo ndilo linaloniuma. Kambini Burundi, wakati wa mahojiano ya safari ya kuja huku, afisa alinitaka nitaje ndugu wote, walio hai na waliokufa. Nilipofika kwa Koko nilisema mlima ulimchukua. Mkalimani alinitazama, akacheka kidogo, akatafsiri. Sijui waliandika nini.

Siku ile ya ugomvi nilipotoka kazini nilimpigia Mama Sifa, yule jirani yetu wa zamani, ambaye sasa anakaa Columbus na wanawe. Nilimuuliza moja kwa moja. Akanijibu:

“Mulima gani, mutoto yangu? Koko yako tulikuwa naye ku Rumonge, miaka na miaka. Alikuwa anauzaka samaki ya ndagala ku soko. Kila mutu mwenye kutoka kwetu, Koko alikuwa anamuuliza, mwana wangu anakuya lini kunitwaa? Bon, sisi tulikuwa tunamudanganya. Tunamwambia, anakuya, Koko, anakuya. Donc ni miye nilimuzika.”

Alimzika mwaka mmoja kabla hatujapanda ndege. Rumonge, Baba. Kutoka kambini kwetu ilikuwa safari ya siku moja kwa gari. Nilipokuwa namweleza afisa habari za mlima, bibi yangu alikuwa sokoni katika nchi ileile, anauliza wapita njia kama unakuja.

Sikuandikii ili nikuhukumu. Hapana, hilo ni uongo, na uongo umetutosha. Nina hasira. Nakula nayo, nafagia nayo, naimba nayo kwaya. Maneno ya Maureen nayo hayaniachi, kwamba huenda watu husema mlima kwa sababu ya mapenzi. Niambie wewe, ulisema kwa mapenzi au kwa aibu? Ukiniambia ni kwa mapenzi nitajaribu kuamini, lakini utaniambia pia kwa nini hukuvuka mpaka kumchukua.

Binti yangu, ambaye nilimpa jina la Koko, aliambiwa na watu wa maktaba alete hadithi ya kwao, isomwe siku moja na za akina Mzee Kevin. Alikuwa amekwisha kuchora mlima wenye mlango na bibi anaingia. Nilikaa naye mezani nikamweleza yote, polepole, kwa Kiswahili. Alichukua kifutio akafuta mlango. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake, “Sasa nani alimfuata?” Ana miaka tisa, kama mimi wakati ule. Nilimwambia nitaandika niulize.

Nisalimie dada yangu mdogo na mumewe, na shangazi aliyetulaza siku zile, mwambie sikumsahau na nadhani yeye pia hajasahau. Wasalimie wazee wa kanisa, wale wachache waliobaki wa chumba cha maombi. Wasomee barua hii ukithubutu.

Na Mama, msalimie kwa heshima. Kile kikwembe chake cha bluu chenye ndege, alichokuwa akivaa Jumapili tangu mwaka ule, kilikuwa cha Koko. Nilikitambua nikiwa mtoto, nikajiambia ndani ya mlima hakuna baridi. Mwambie asikitupe. Akifue, akikunje, ampe mtu huyuhuyu aliyeleta barua. Huku ni baridi, na Nabintu wangu anakihitaji.

Mimi binti yako,
Riziki, mjukuu wa mwanamke aliyeondoka kwa miguu