Nimesomewa, Nimeelewa

Ijumaa, 31 Januari 1986
Malipo leo, kama kila mwisho wa mwezi. Meza nyuma ya soko la samaki, kibati cha wino, kitambaa cha kufutia vidole. Wafagiaji kumi na wanne, wote wanawake. Nashika dole gumba, nalikandamiza kwenye karatasi, natia sahihi yangu pembeni: shahidi. Mjomba Athmani anatoa noti. Kandarasi ya kufagia soko na mitaro ni yake. Baraza la mji linamlipa yeye, naye anawalipa wao.

Bi Sidi akaniuliza, "Hapo chini pameandikwani, mwanangu?"

Nikamjibu, "Kwamba umelipwa." Akacheka, akaenda zake.

Sikumwambia uongo. Ndivyo ninavyojidai.

Jumapili, 2 Februari
Chakula cha mchana kwa mjomba. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wote walipocheka nami nilicheka. Ndiye aliyenilea baba alipokufa, akanisomesha hadi nikajua kalamu. Tangu Mwanaisha achukue talaka yake, sina mkeka mwingine wa kukalia.

Nimerudi chumbani, karatasi haitoki kichwani. Imeandikwa shilingi mia tano na ishirini, kiwango cha baraza. Mkononi wanapewa mia tatu na hamsini. Bila alama za vidole vyao, baraza halimlipi mjomba. Na chini kabisa pameandikwa: Nimesomewa, nimeelewa, nimepokea.

Miaka miwili, sijamsomea mtu hata neno moja.

Jumamosi, 15 Februari
Nimemwendea mjomba dukani, nikamwambia. Kwa adabu, macho chini. Akasema, "Umekula karatasi hizo, Hamadi. Umevaa karatasi hizo." Kisha akaniagizia kahawa. Chungu kama shubiri. Nikainywa yote, nikashukuru.

Mimi mwoga. Naandika hapa kwa sababu hapana wa kumwambia.

Alhamisi, 27 Februari
Kesho malipo. Mchuzi nimeumwaga.

Ijumaa, 28 Februari
Nimesoma.

Wa kwanza alikuwa Bi Sidi. Dole lake lilikwisha kutiwa wino. Nikamzuia mkono, nikasoma kwa sauti kama niko chuo cha Kurani: jina lake, mwezi, mia tano na ishirini, nimesomewa, nimeelewa, nimepokea. Bi Sidi akazitazama noti mkononi mwa mjomba. Akalifuta dole kwa leso yake. Aliyemfuata akaficha mkono. Wote kumi na wanne, na karatasi ikabaki nyeupe.

Mjomba hakufoka. Afadhali angefoka. Alifunga mkoba wake, akasema, "Jumapili usije."

Nilidhani wale wanawake wangenisemesha. Walishika mafagio yao, wakaondoka pamoja.

Jumatatu, 3 Machi
Ofisi ya kazi. Afisa mpole, miwani puani. Aliandika maelezo yangu yote, kisha akatandaza karatasi za zamani zilizotoka barazani. "Shahidi hapa ni nani?" Mimi. "Na hapa?" Mimi. Karatasi ishirini na nne. Hakuruka hata moja.

Nikatia sahihi. Safari hii kwa jambo la kweli.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna aliyekuja. Nauza mafuta ya taa kwa kipimo, kibandani kwa Mbarak. Nguo zinanuka. Nimekula mkate mkavu.

Jumatano, 2 Aprili
Jana, Pasaka ilipokwisha, wamelipwa mia tano na ishirini kila mmoja, afisa amesimama pale pale. Februari nayo wamepewa kamili. Habari nimezipata kwa muuza kahawa. Ya miaka ya nyuma, eti yatafuatwa. Mjomba bado ana kandarasi yake, na karani mpya.

Nimefurahi, sikatai. Nikapita sokoni, labda kwa kujisifu. Nikasema "Hamjambo" mara mbili. Mmoja aliitikia, macho kwenye fagio. Sina la kulalamika. Mkono uliokandamiza vidole vyao ni huu huu.

Sikujua upweke una mchana mrefu hivi.

Jumapili, 13 Aprili
Jua kali. Nilikuwa nafua kanzu nikasikia hodi. Bi Sidi, na bahasha. Mwanawe, mchukuzi wa bandarini Mombasa, amemwandikia. Nikampa shikamoo, nikamtolea kiti. Hakukaa.

"Soma yote," akasema. "Usiruke. Kisha nampelekea mwalimu kule Ganda aisome naye, nione kama mwasema mamoja."

Nikajifuta mikono. Nikasoma yote. Tarehe, salamu, majina ya wanaosalimiwa mmoja mmoja, shida ya mvua na viatu. Barua ilipokwisha nikageuza bahasha, nikasoma na muhuri wa posta.

Akaichukua, akaifunga kwenye pindo la leso. Nikasimama mlangoni hadi alipokata kona ya njia ya Ganda. Kisha nikarudi kuisuuza kanzu.